Uchoraji na muziki: udugu upo, ila si kwenye rangi

Kila wachoraji wakijaa hapa Amu (Lamu) na stendi zao za mbao kule ufuoni, mabishano barazani yanarudi yaleyale. Kuna wanaosema kuchora na kupiga muziki ni kazi moja, ati rangi ina sauti na sauti ina rangi, buluu ni udi na nyekundu ni ngoma. Na kuna wanaosema hayo ni maneno ya kuuzia picha tu, picha iko ukutani imenyamaza na muziki ukishapigwa umepita, vinakutana wapi? Mimi nimewasikiliza wote na naona kila upande una haki yake, ila hao wa rangi wameshika mahali pasipo.

Tuwape haki yao kwanza, manake hawakuanza leo. Newton kwenye kitabu chake cha mwanga cha 1704 aligawa rangi za upinde wa mvua mara saba, akazilinganisha na noti saba za muziki. Alafu kuna Kandinsky, Mrusi aliyekuwa akiishi Munich, Januari 1911 alienda kusikiliza konsati ya mtunzi wa muziki Schoenberg, na baada ya hapo akachora ile picha ambayo manjano imefurika upande mzima na hapo juu kuna doa kubwa jeusi, ndio piano yenyewe. Ukiitazama ile picha huwezi kusema jamaa alikuwa anabahatisha, ile manjano inakuvamia kabla hujajua unatazama nini.

Sasa shida iko hapa. Sikio la mtu linachukua mitetemo ya kama 20 kwa sekunde mpaka 20,000, hizo ni oktavu kama kumi (kila oktavu ni mitetemo kuongezeka mara mbili), na mwanga ambao jicho linauona kwa kawaida haujazi hata oktavu moja. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba ukipiga nyuzi mbili za udi zenye sauti tofauti kwa pamoja, sikio lililozoea linazisikia zote mbili, kila moja na mahali pake. Lakini mulika taa nyekundu na taa ya kijani mahali pamoja kwenye ukuta mweupe, jicho linaona manjano basi, huwezi kuitazama hiyo manjano ukaniambia nyekundu iko huku na kijani iko kule. Sauti zinakaa pamoja, rangi zinamezana. Na hata wale waliosema kila ufunguo wa muziki wanaujua kwa rangi yake hawakupatana, watunzi wa Kirusi Scriabin na Rimsky-Korsakov wote wawili walisema D meja ni manjano, sawa, lakini C meja kwa Scriabin ilikuwa nyekundu na kwa mwenzake ilikuwa nyeupe. Sasa mwanafunzi afuate chati ya nani?

Hapo wale wa upande wa pili huchekelea wakidhani wameshinda, na kweli hoja yao ina uzito kuliko wenyewe wanavyoieleza. Muziki una kungoja ndani yake. Mpiga udi akianza taksimu, yaani kupiga peke yake akibuni papo hapo, anazunguka, anapanda, anakaribia pale ulipozoea atatua, hatui, anakunyima, anazunguka tena, na akitua watu wote wanaitikia "Allah!" kwa sauti moja bila kuambiana. Picha haiwezi kukunyima kitu hivyo, yote iko mbele yako toka ulipoingia mlangoni, unaanza kuitazama unapotaka na unaacha unapotaka. Hili sijasikia mtu wa rangi akilijibu vizuri.

Ila jibu lipo, na lipo hapahapa mjini, kwa mafundi wa nakshi. Nenda karakana yoyote wanayochonga milango, tazama ule ukanda unaozunguka fremu, ua, jani, ua, jani, unapanda nguzo moja, unapita juu, unashuka nguzo ya pili. Fundi akishachora kwa penseli, mkono wenyewe unashika mwendo, pigo dogodogo za kufuata mstari alafu pigo moja nzito ya kung'oa kipande, na anaendelea hivo mpaka kwenye kona. Kwenye kona ndio kazi, manake ule ukanda ulikuwa unapanda na sasa lazima ulale, na ua haliwezi kukatwa nusu. Fundi mzuri ameanza kuitayarisha ile kona tokea maua matatu nyuma, anayapanua kidogokidogo usijue. Ukifuata kwa kidole unahisi kabisa kuna kitu kinakuja. Wapiga matari wa Maulidi pale msikiti wa Riyadha wanafanya hivohivo, mwendo ukitaka kubadilika unausikia mikononi mwao kabla haujabadilika, na ile safu ya watu wanaoyumba haipotezani. Hapo ndipo ninapouona udugu wenyewe, kwenye kurudia na kutayarisha mgeuko, rangi haihusiki kabisa (na milango mingi ni ya mbao tupu, haina rangi yoyote).

Na hata huo udugu una mipaka yake. Tazama khati, ule mwandiko wa Kiarabu wa kisanaa. Alama ya madi juu ya herufi inamwambia msomaji wa Kurani avute sauti, harakati (vipimo vya muda) nne, harakati sita, kwa hivyo hapo jicho linaiamuru sauti moja kwa moja. Lakini mwandishi wa khati akivuta herufi kwa kashida, ule mstari wa kurefushia, ili mstari ujae vizuri, msomaji havuti chochote, urefu ule ni wa jicho peke yake. Mistari miwili mirefu, ukurasa mmoja, mmoja una sauti na mwengine hauna. Mimi huo mfano naupenda kuliko vitabu vizima vya nadharia.

Mussorgsky, mtunzi mwengine wa Kirusi, naye nadhani alilielewa hili. Rafiki yake Hartmann, msanifu na mchoraji, alifariki 1873, mwaka uliofuata yakafanyika maonyesho ya kazi zake, na Mussorgsky akatunga muziki wa piano juu ya zile picha. Angeweza kutunga picha tu. Badala yake akaweka muziki wa mtu anayetembea kutoka picha moja mpaka nyengine, unarudi na kurudi, kila safari umebadilika kidogo. Yaani ule muda ambao picha hazina, aliuchukua kwenye miguu ya mtazamaji.

Kwa hivyo hawa wanaoandaa maonyesho hapa na kuweka taarabu kwenye spika wakidhani ndio wameunganisha sanaa mbili, mimi siafikiani nao, muziki unageuka kuwa wa kusindikizia chai na picha hazipati kitu. Na mchoraji anayechora mzee wa kanzu kashika udi amechora mzee, hajachora muziki. Heri wangewapanga watu watembee kwa mpangilio, picha kwa picha, na mpiga udi mmoja apige pale katikati wanapohama tu, wakifika mbele ya picha anyamaze.