Daktari, Muulize Mgonjwa wa Mapafu Amelalaje

Kila inapokaribia saa 10 alfajiri, mama mkubwa huamka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaegemeza mikono magotini na kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza kaa la moto. Alipikia kuni kwa zaidi ya miaka 30. Ugonjwa sugu wa mapafu unamruhusu kutembea mchana, japo polepole, lakini usiku humtesa. Katika miaka miwili ya kuhudhuria kliniki hakuna aliyemuuliza analalaje, na jambo hilo linaniuma.

Saa hiyo ina sababu yake. Njia za hewa hufuata mzunguko wa mwili: usiku neva ya vagasi, inayobana njia za hewa, huzidi nguvu, homoni ya kotizoli hushuka, na njia hizo huwa nyembamba kuliko wakati mwingine wowote kuelekea alfajiri. Tena, katika usingizi wa ndoto, misuli ya shingo na mbavu ambayo mgonjwa huitegemea kuvuta pumzi hulegea, na oksijeni hupungua. Sasa tazama dawa aliyopewa: inhela ya salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, ambayo nguvu yake hudumu kwa muda wa saa 4 hadi 6. Akiivuta saa 4 usiku anapokwenda kulala, huwa imekwisha kati ya saa 8 na saa 10, wakati ule ule anapoihitaji zaidi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba inhela za muda mrefu, kama tiotropiamu inayodumu kwa saa 24, si anasa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo sitaki kuipamba. Mwaka 2004, daktari Walter McNicholas wa Dublin na wenzake walichapisha utafiti wa dawa hiyo: oksijeni ya wagonjwa wakiwa usingizini ilipanda, lakini ubora wa usingizi wenyewe haukubadilika. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito ya kuuliza, kwa sababu mgonjwa anaweza kukeshwa na kikohozi, na hofu, na pumzi inayokatika anapokoroma, au na aminofilini, tembe ya bei nafuu ya kupanua njia za hewa ambayo ni ndugu wa kafeini.

Mama mkubwa alikuwa akimeza tembe hizo kila jioni. Aliposhindwa kulala, akauziwa diazepamu bila cheti cha daktari, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi inayoweza kudhoofisha pumzi ya mtu ambaye tayari pumzi haimtoshi.

Dodoso la CAT, linalopima ugonjwa huu, lina vipengele 8, na kimoja kinahusu usingizi. Mwezi uliopita nilimsaidia kulijaza nyumbani, na hapo penye usingizi akachagua 5, alama ya juu kabisa. Daktari alipoiona, aliisitisha tembe ya jioni, akamkataza diazepamu, kisha akamfundisha upya kutumia inhela: atoe pumzi yote kwanza, avute taratibu, aibane kwa sekunde 10. Ile ya saa 24 ameandikiwa pia, nasi bado tunaitafuta.