Simu ya laki sita haipigiki

Niko kwa mama kijijini. Simu yangu ya laki sita, kamera tatu mgongoni, haishiki mtandao mpaka nitoke nikasimame chini ya mwembe. Nokia 1100 ya mama, ile ya tochi iliyotoka mwaka 2003, imefungwa raba kiunoni na inaongea vizuri tu pale jikoni, pembeni ya mafiga. Laini zetu ni za mtandao mmoja, kwa hiyo msisingizie mnara! Yangu nikipiga inashuka kutoka 4G, mtandao wa kasi, kutafuta 2G, ule wa zamani, kimya, halafu sauti inakatikakatika kama mtu yuko kisimani. Dukani walinisomea megapikseli na GB. Antena je, mbona hakuna aliyeitaja? Jana dada kanipigia mara nne, sipatikani. Kampigia mama.