Muuguzi kijijini au fedha mkononi mwa mama?

Kuhusu vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 katika vijiji vya Afrika, wapo wanaoamini kwamba kiini ni umaskini wa kaya, na kipato kikipanda watoto watapona. Wengine hujibu kwamba nimonia, malaria na kuhara, magonjwa yanayoua wengi, yana tiba ya bei nafuu, hivyo kinachokosekana ni huduma iliyo karibu.

Hoja ya huduma ina ushahidi mzito. Niger, mojawapo ya nchi maskini kabisa duniani, ilishusha vifo hivyo kutoka 226 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1998 hadi 128 mwaka 2009, na mwaka 2006 iliwafutia watoto wa umri huo malipo ya matibabu. Huko Navrongo, kaskazini mwa Ghana, jaribio la miaka ya 1990 lilionyesha kwamba wauguzi walipohamishiwa vijijini kuishi na wananchi, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 3. Palipoachiwa wahudumu wa kujitolea peke yao, nafuu hiyo haikuonekana.

Hata hivyo, fedha haipaswi kudharauliwa. Mtoto akipandwa na homa usiku, baba akiwa safarini na mama hana nauli wala idhini ya kuuza mbuzi, dawa zilizopo zahanati hazimfai kitu, na malaria kali haingoji kukuche. Kaunti ya Siaya nchini Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 za Marekani kila moja bila masharti. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulikuta vifo vya watoto wasiotimiza mwaka vimepungua kwa karibu nusu, na wajawazito wamepunguza kazi katika miezi ya mwisho. Nafuu kubwa zaidi, lakini, ilikuwa kwa walioishi karibu na vituo vyenye madaktari.

Kwangu mimi, matokeo hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Fedha ilimwezesha mama kupumzika na kusafiri, ila ilibidi pawepo pa kufikia. Serikali yenye bajeti finyu ianze na muuguzi anayekaa kijijini, kisha ielekeze ruzuku kwenye miezi ya karibu na kujifungua, tena akabidhiwe mama mwenyewe badala ya mkuu wa kaya, ili uamuzi wa kumpeleka mtoto hospitali usisubiri idhini ya mtu mwingine.