Wajumbe wa Mbowe waliompigia Heche

Tangu alfajiri ya 22 Januari 2025, CHADEMA ikitajwa popote, namba inayofuata ni 31. Ndiyo tofauti ya kura iliyoamua mwenyekiti wa chama hicho cha upinzani: Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe 482, Odero Charles Odero kura moja. Wajumbe 16 tu wangegeuza mawazo usiku ule pale Mlimani City, Dar es Salaam, Mbowe angeendelea na uenyekiti alioushika tangu 2004. Kutokana na namba hiyo watu wamejichorea chama kilichopasuka katikati, nusu huku na nusu kule, na mwenyekiti mpya wamempima kwa swali moja tu: ameweza kuziunganisha nusu hizo, au ameshindwa?

Kwangu mimi swali hilo limekosewa tangu mwanzo, na kosa lake limewaumiza wanachama wengi wasio na majina makubwa, hasa huku Kanda ya Ziwa.

Tazama kura nyingine iliyopigwa kwenye mkutano uleule, ya makamu mwenyekiti Bara. John Heche, aliyesimama na Lissu, alipata 577. Ezekia Wenje, aliyesimama na Mbowe, alipata 372. Mathayo Gekul alipata 49. Maana yake Heche alimpita Lissu kwa kura 64. Zilitoka kwa nani? Waliompigia Lissu walikuwa 513, hawakuzidi hapo. Odero alikuwa na kura yake moja, na zilizoharibika hazikutosha hata kujaza kiganja. Kwa hiyo hata ukihesabu kwa ubahili, wajumbe wapatao 60 walimpa Mbowe kura ya uenyekiti, kisha wakachukua karatasi ya pili na kumchagua Heche. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa sababu kinachukulia kwamba kila aliyemchagua Lissu alimchagua na Heche, na hilo si lazima liwe kweli. Ukija upande wa pili, Wenje alipungukiwa kura 110 akilinganishwa na Mbowe. Watu wote hao walimtaka Mbowe na wakamkataa mgombea mwenza wake.

Sitini ni karibu mara mbili ya 31. Uchaguzi ule uliamuliwa na watu ambao hakuna kambi iliyokuwa imewamiliki. Walikuwa wajumbe waliotaka uzoefu wa Mbowe na ukali wa Heche kwa pamoja, na waliona hakuna mgongano kati ya hivyo viwili. Lakini kulipokucha wote walitiwa kapu moja wakaitwa "Timu Mbowe", na haikupita muda jina hilo likawa linatamkwa kwa maana moja na wasaliti.

Mwanza jambo hili lina uzito wake. Wagombea wote wawili wakubwa wa umakamu ni watu wa ziwa hili. Wenje alikuwa mbunge wa Nyamagana kuanzia 2010 hadi 2015, na ndiye aliyeongoza Kanda ya Victoria yenye Mwanza, Geita na Kagera. Heche ni wa Tarime, na aliwahi kuwa mbunge wa Tarime Vijijini. Mjumbe wa huku alilazimika kuchagua kati ya jirani na jirani. Kisha kuna Mbowe mwenyewe na jiji hili. Julai 2021 alikamatwa hapahapa Mwanza, alipokuja kwa ajili ya kongamano la Katiba Mpya. Akafunguliwa kesi ya ugaidi na kukaa mahabusu hadi Machi 2022. Zuio la mikutano ya hadhara lililodumu tangu 2016 lilipoondolewa, chama kilikuja kuzindua mikutano yake viwanja vya Furahisha, hapa Mwanza, tarehe 21 Januari 2023, miaka miwili kamili kabla ya siku ya kura. Mjumbe wa Igoma au Buhongwa aliyekuwa uwanjani siku ile, akamwona aliyechukuliwa usiku kutoka jiji hili amerudi amesimama jukwaani, alikuwa na sababu yake ya kumpa kura. Kumwambia kwamba amenunuliwa ni kumdhulumu. Tena ni kumfundisha kwamba uaminifu wake hauna thamani ndani ya chama alichokipigania wakati kupigania chama hicho kulikuwa hatari.

Upande wa Lissu una hoja, na si hoja ndogo. Alichaguliwa kubadili mwelekeo. Maridhiano ya kabla yake kati ya CHADEMA na CCM yalikuwa yamezaa kidogo mno, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliacha CCM ikiwa na karibu viti vyote. Wajumbe waliomchagua walitaka msimamo wa "bila mabadiliko hakuna uchaguzi", na kiongozi aliyepewa kazi kama hiyo hawezi kujaza meza yake watu wanaoipinga safari yenyewe. Isitoshe, katika siasa zetu wimbo wa "uchaguzi umekwisha, tuvunje makundi" mara nyingi umemaanisha kugawana vyeo. Mtu hupewa nafasi ili anyamaze, na chama hubaki na viongozi waliowekwa kwa sababu ya hasira zao. Lissu alikuwa sahihi kulikwepa hilo. Na jambo kubwa alilolifanya halitajwi inavyostahili: alimbakiza John Mnyika kwenye ukatibu mkuu, mtu yuleyule aliyeishika ofisi hiyo chini ya Mbowe. Mshindi mwenye kisasi asingefanya hivyo.

Muda nao hakuupata. Tarehe 9 Aprili alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, akafunguliwa kesi ya uhaini. Kutoka ushindi hadi pingu ni siku 77. Anayemlaumu kwamba hakuzunguka mikoani kuponya majeraha anamdai mtu aliye mahabusu.

Hayo yote nayakubali. Nisichokikubali ni kwamba tiba ya mgawanyiko huu ilihitaji muda au vyeo. Wajumbe 60 niliowataja hawakuwa wakisubiri kiti cha Kamati Kuu. Walihitaji ulinzi dhidi ya wenzao walioshinda. Katika magrupu ya WhatsApp ya wilaya, mtu aliyejulikana kuwa alimuunga mkono Mbowe aliweza kutoa hoja kuhusu ada za uanachama akajibiwa kwamba arudi kwa waliomtuma. Matusi ya namna hiyo hayazimwi na aliyeshindwa, wala na katibu wa kata. Anayeweza kuyazima ni yule ambaye matusi yanatolewa kwa jina lake, na kazi hiyo ilipaswa kuwa ya kwanza, kabla ya ziara yoyote ya kupigia debe msimamo wa uchaguzi. Aliyepigiwa kura na nusu ya mkutano anatakiwa kuwa mkali zaidi kwa mashabiki wake kuliko kwa wapinzani wake. Najua ni vigumu, kwa sababu mashabiki hao ndio waliomfikisha pale.

Mtu ataniambia hizo ni hisia tu, siasa ni nguvu. Basi tuipime hasara kwa nguvu. Aprili, kundi la wanachama waliojiita G55 liliupinga hadharani msimamo wa kutoshiriki uchaguzi. Mei, waliokuwa manaibu katibu wakuu, Salum Mwalimu na Benson Kigaila, wakahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani, pamoja na wenzao. Mwezi huohuo Msajili wa Vyama vya Siasa, akishughulikia malalamiko ya mwanachama mmoja, aliamua kwamba Baraza Kuu la 22 Januari halikuwa na akidi, kwa hiyo uteuzi uliothibitishwa pale, wa Mnyika ukiwemo, hautambuliki. Juni, Mahakama Kuu ikazuia shughuli za kisiasa za chama kwa muda, katika kesi iliyofunguliwa na aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Zanzibar, Said Issa Mohamed, na wenzake wawili, wakidai mgawanyo wa mali na rasilimali kati ya Bara na Zanzibar hauna haki.

Ziangalie hizo mbili za mwisho. Hazikuhitaji umati. Barua ya mtu mmoja na kesi ya watu watatu zilitosha kukibana chama kinachojaza viwanja. Najua wengi wanaamini mkono wa dola ungekifikia chama kwa njia yoyote, na sibishani nao sana. Lakini sheria zetu za vyama zinampa mwanachama mmoja mwenye kinyongo uwezo wa kushtaki, kulalamika na kuhoji akidi, na kiongozi wa upinzani anayezijua sheria hizo kuliko karibu kila mtu nchini, kama Lissu anavyozijua, alipaswa kumwona mwanachama aliyeshindwa kama jambo la usalama wa chama. Akidi haikamilishwi na washindi peke yao.

Mwanza tulishaliona hili kabla. Mwaka 2010 CHADEMA ilichukua Nyamagana, Ilemela na Ukerewe kwa mpigo, na jiji likapata meya wa chama hicho. Kisha madiwani wakagombana wao kwa wao, baadhi wakafukuzwa uanachama, na umeya ukaponyoka. Meya aliyefuata, Stanslaus Mabula wa CCM, ndiye aliyekuja kumwangusha Wenje Nyamagana mwaka 2015, mwaka ambao upinzani kwa jumla nchini ulikuwa na nguvu kuliko wakati wowote kabla yake. Waliofukuzwa walikuwa na makosa yao, sitaki kuwatakasa. Ila waliofurahia kuwafukuza hawakujiuliza kura za kata zile zingekwenda wapi.

Wenje mwenyewe amehamia CCM wakati wa kampeni za Oktoba 2025, na vijiwe vya Kirumba vikapata ushahidi vilioutaka: mnaona, Timu Mbowe walikuwa hivyo tangu zamani. Nasikia hoja hiyo kila siku na inanisikitisha, kwa sababu hesabu ya usiku ule inaikataa. Mbowe hakuhama. Na wapo wale waliompa Mbowe kura zao na kumnyima Wenje, ambao kuhama kwa Wenje kumewaonyesha kwamba walipima vizuri. Ni watu walewale wanaotukanwa kwa jina la mtu waliyemkataa kwenye sanduku.

Sasa mwenyekiti yuko ndani na mzigo uko kwa Heche. Kwa maoni yangu yeye ana kitu ambacho Lissu hakuwa nacho hata siku ile ya ushindi: ndani ya 577 zake kuna wajumbe wa pande zote mbili. Hakuna kiongozi mwingine wa Bara aliyetoka kwenye mkutano ule na kura za namna hiyo. Ni mtu wa Mara, na Kanda ya Victoria haiko mbali na kwao. Kazi ya kuwatafuta walioongoza kampeni ya Mbowe wilaya kwa wilaya, Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema, Ukerewe, na kuwaambia waziwazi kwamba kura yao ilikuwa halali na hakuna atakayewatukana tena kwa ajili yake, inaweza kuanzia kwenye simu yake. Haihitaji jukwaa, na haimhitaji Mbowe wala Lissu kushikana mikono mbele ya kamera.