"Wewe si uko nyumbani tu?"

Jumanne iliyopita saa mbili asubuhi simu inaita, mama mdogo. Hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Mwanangu, wewe si uko nyumbani tu? Njoo ukae hapa umsubiri fundi wa friji, mie nampeleka baba yako mdogo kliniki."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonipandisha mori. Mwaka wa nne huu nakagua rufaa za Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kutoka chumba cha pili cha apatimenti yangu hapa Houston, uwakili nimeusotea mpaka nikaota mvi, ila kwa ukoo mzima mimi ni mtu asiye na kazi mwenye intaneti nzuri.

Haya, ndiyo, nasoma mafaili nimejifunga kanga, na ndiyo, maharage yanachemka huku nasoma. Lakini file moja lina kurasa 1,200 za faksi, nyingine zimeingia kichwa chini miguu juu, mwandiko wa nesi wa zamu ya usiku unausoma kama unapiga ramli, na sisi wa ngazi ya pili ya rufaa tuna siku 60 tu za kutoa jibu. Cha ofisini ninachokikosa ni kimoja, mtu wa kumgeukia nikamwambia hebu ona upuuzi huu.

Basi nikaomba ruhusa ya nusu siku, maana mafaili ya wagonjwa siruhusiwi kuyafungua kwenye nyumba za watu, nikaenda. Fundi kimya. Nikafungua droo ya jikoni natafuta waranti ya friji, chini ya vocha za supamaketi na kadi za michango ya harusi za tangu 2019 nikakuta bahasha ya bima ya baba mdogo. Imefunguliwa, barua imesomwa, ikakunjwa tena vizuri kabisa kama cheti. Wamemkatalia mazoezi ya viungo ya nyumbani. Sababu? Tangu apate kiharusi "haonyeshi kuimarika". Nikahesabu tarehe, siku 52 zimepita, na mwisho wa kukata rufaa ni siku 65.

Aliporudi nikamuuliza, mama, mbona hamkuniambia? "Aah, si wameshakataa. Utagombana na serikali?"

Yaani kwa friji nakumbukwa, kwa kitu ninachokifanya kila siku ya Mungu sikumbukwi!

Na hiyo hata siyo serikali, ni kampuni. Baba mdogo aliingizwa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na makampuni binafsi ya bima, na kijana mmoja aliyekuja kugawa kalamu za bure. Halafu hilo neno "haonyeshi kuimarika" nalichukia kuliko maneno yote kwenye kazi hii. Kuna mama wa Vermont anaitwa Glenda Jimmo, haoni, mguu umekatwa, wakamnyima huduma kwa hoja hiyohiyo, akaenda mahakamani pamoja na wenzake, na mapatano ya 2013 yakaweka wazi kwamba kama mgonjwa anahitaji mikono ya mtaalamu ili asizidi kuporomoka, Medicare inalipa, hata kama hatapona kamwe. Na hizi za makampuni zinabanwa na sharti hilohilo. Mzee wa miaka 74 aliyepooza upande mmoja unataka aimarike awe nani, mkimbiaji kama Filbert Bayi? Mwache aweze kwenda chooni mwenyewe mwakani kama anavyoweza leo, hiyo ndiyo tiba.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. KFF, shirika la utafiti wa afya la Marekani, walipiga hesabu za Medicare Advantage za 2023, kati ya maombi ya ruhusa ya kupata tiba yaliyokataliwa ni asilimia 11.7 tu yaliyokatiwa rufaa, na katika hayo zaidi ya asilimia 80 uamuzi uligeuzwa, wote au sehemu. Soma tena hapo. Waliobaki ni wa droo ya jikoni. Mtu aliyekuwa anakunja ngumi na konda wa Kariakoo kwa ajili ya chenji ya shilingi mia, leo karatasi tatu zinamkalisha kimya! Nakubali, Kiingereza cha hizo barua hata mimi kinanichosha, lakini ukurasa wa rufaa umo humohumo ndani, ni ule wanaoutupa.

Kumwakilisha mwenyewe siwezi, kazi yangu hainiruhusu. Akakaa mdogo wangu, binti yao, akaandika rufaa, mama mdogo akampigia daktari, na daktari akiandika kwamba kusubiri kunamhatarisha mgonjwa wanatakiwa kujibu ndani ya saa 72 badala ya siku 30. Wakikataa tena, file linapelekwa kwa mkaguzi wa nje bila hata kuomba.

Rufaa imetumwa Ijumaa, siku ya 55.

Fundi wa friji hakutokea. Mama mdogo kashapiga tena, anasema sasa ni Jumatatu, na mie si nitakuwepo tu.