Hesabuni na Kabro, si Nyumba Pekee

Ukinunua ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Nakuru, hukosi wa kukushauri ujenge hadi mpakani usije ukapoteza nafasi. Ushauri huo naupinga kabisa.

Ploti hiyo ni kama mita za mraba 465. Mvua ya milimita 40 ikinyesha jioni moja, inamwaga humo lita 18,600 hivi. Udongo wetu wa majivu ya volkeno ni mwepesi, na ukiachwa wazi hunywa maji mengi. Ukizibwa, maji yanateremka kwa jirani, yanachimba makorongo barabarani, kisha yanaingia ziwani. Na Ziwa Nakuru halina mto wa kulipunguza. Sisemi saruji ndiyo iliyolipandisha miaka iliyopita, kwani mvua zilizidi, lakini mitaa iliyozibwa huliletea maji kwa kasi zaidi, pamoja na taka zetu.

Ingia kwenye ploti ya bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja, zilizopangwa safu mbili. Katikati pana kijia cha simiti ambacho watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu, na vyumbani taa zinawaka saa sita mchana. Shimo la maji taka liko mlangoni pa mpangaji wa mwisho. Likifurika, lori la kunyonya haliwezi kulifikia, na watoto wanacheza papo hapo.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inadai kibali cha kaunti kabla ya kujenga, na ramani hupimwa kwa kiasi cha ploti ambacho jengo litafunika. Kikomo hicho nakiunga mkono. Kasoro ni kwamba kinahesabu jengo tu. Mtu anajenga nusu ya ploti kama ramani inavyosema, kisha anatandaza kabro, yaani matofali ya saruji ya kusakafia ua, ukuta hadi ukuta. Maji yatapenya wapi? Theluthi ya kila ploti ibaki udongo, nyasi au miti, na iandikwe hivyo kwenye kibali.

Wenye ploti watasema mkopo unalipwa na kodi ya nyumba. Ni kweli, na wana haki. Basi waruhusiwe kwenda juu: orofa tatu kwenye nusu ya ploti ni karibu mita za mraba 700, ilhali nyumba ya chini iliyojaza asilimia 90 haifiki 420. Gharama itapanda, na udongo huu lazima upimwe na injinia kabla ya msingi kuchimbwa.

Naomba kaunti jambo moja la kuanzia: mkaguzi arudi kabro ikishatandazwa, na asitoe cheti cha kuhamia mpaka auone udongo ulioachwa.