Bunduki Kuukuu: Ipigwe au Ikae Kabatini?

Nchini Uingereza bunduki ile ile inaweza kuwa na hadhi mbili mbele ya sheria, na kinachozitenganisha ni nia ya mwenye nayo. Raifo ya Martini-Henry, iliyoingia jeshini mwaka 1871, ikitundikwa ukutani kama pambo haihitaji cheti cha polisi. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Silaha ya 1968 kinaiachia. Mwenyewe akiamua kuijaza risasi na kwenda nayo uwanja wa shabaha, anatakiwa awe na cheti sawa na mtu aliyenunua raifo mpya jana. Kwa bastola mambo yamebana zaidi. Marufuku ya 1997 iliacha milango miwili midogo katika kifungu cha 7: bastola za kihistoria zilizotengenezwa kabla ya 1919 zinaweza kuwekwa nyumbani bila risasi, na zile zenye umuhimu wa pekee zinaweza kupigwa, ila lazima zikae katika kituo kilichoidhinishwa na zisitoke hapo. Uwe nayo usiipige, au uipige usikae nayo.

Sheria hiyo imeuandika mgogoro ambao wakusanyaji wa bunduki wanao wenyewe kwa wenyewe, hata Marekani ambako serikali haiwalazimishi kuchagua. Kambi moja inasema bunduki kuukuu ni kumbukumbu na kila risasi inaila. Nyingine inasema bunduki isiyopigwa ni chuma na mbao tu.

Hoja ya kambi ya kwanza ina nguvu zaidi kwenye bastola ya Luger P08 kuliko mahali pengine popote. Kiwanda kiligonga tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola kwenye vipande vyake vidogo, na mnunuzi makini huvipitia kimoja kimoja. Zikilingana zote, bei ni ya juu. Kipande kimoja kikiwa cha bastola nyingine, bei inaporomoka. Sasa, vipande vinavyovunjika kwa kupiga ndivyo hivyo hivyo: pini ya kufyatulia na ndoano ya kutolea ganda. Pini mpya inapatikana kirahisi. Pini yenye namba ya bastola yako haipatikani. Ndiyo maana wajuzi wengi wa Luger hununua mbili, moja safi ya kuhifadhi na nyingine yenye namba mchanganyiko ya kupiga. Huo ni ushauri mzuri kwa mwenye fedha, na hauna jibu kwa mtu aliyerithi moja tu.

Kambi ya pili nayo haisemi upuuzi. Raifo za Mosin-Nagant zilitengenezwa kwa mamilioni. Moja iliyochakaa kidogo haipunguzi historia ya Urusi. Raifo za M1 Garand bado zinauzwa kwa raia wa Marekani kupitia CMP, shirika lililoundwa kwa sheria ya 1996 kwa kazi ya kukuza ulengaji shabaha, na mnunuzi anazinunua akijua ni za kupigwa. Tena kuna maarifa ambayo kabati halitoi. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki walikuwa bado wanabeba Mauser 71, yenye risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi. Vitabu vinaeleza kwamba moshi wake uliwafichua walipo. Mtu akipiga Mauser 71 mara tatu asubuhi isiyo na upepo, anaelewa kwa nini afisa angesihi apewe bunduki za kisasa: wingu linabaki mbele ya macho, shabaha haionekani, na kila aliye mbele anajua pa kuelekeza majibu.

Lakini mjadala huu ukiachwa katika ngazi ya "historia" na "thamani", unakosa jambo kubwa zaidi, kwamba baadhi ya bunduki hizi hazifai kupigwa hata kama mwenyewe yuko radhi kuzipoteza. Raifo ya Kimarekani ya Springfield M1903 ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu kwa macho haionyeshi kasoro yoyote. Katika miaka ya mwanzo wafuaji walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake, na siku ya jua kali jicho lilidanganya. Chuma kikaungua kikawa kigumu na chepesi kupasuka. Utaratibu ulipobadilishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mpaka ukabaki kwenye namba: chini ya 800,000 kwa zilizotoka kiwanda cha Springfield, na chini ya 285,507 kwa zilizotoka kiwanda cha Rock Island. CMP inashauri zisipigwe kabisa. Wapo wanaojibu kwamba "yangu imepigwa miaka mia haijapasuka." Chuma cha namna hiyo hakina tabia ya kupinda kidogo kwanza ili kimwonye mtu. Kinahimili, kinahimili, halafu siku moja ganda la risasi linachanika, gesi inarudi nyuma, na sehemu inayobeba bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inavunjika vipande karibu na uso wa mpigaji.

Gewehr 88 ya Ujerumani ina mtego mwingine. Risasi yake ya asili ilikuwa na kipenyo cha milimita 8.08, baadaye jeshi likahamia 8.20, na ganda likabaki karibu lile lile. Risasi mpya inaweza kuingia kwenye chemba ya zamani, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, halafu inalazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba zaidi, na mkandamizo wa gesi unapanda. Baadhi ya raifo hizo zilirekebishwa na kugongwa herufi S. Herufi hiyo inasaidia, ila haitoshi. Kipimo halisi ni kuchukua kipande laini cha madini ya risasi kinachozidi kidogo kipenyo cha mtutu, kukipaka mafuta, kukisukuma kwa fimbo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha kupima kwa mikromita alama za mifereji zilizobaki juu yake. Kazi ya dakika kumi. Ninashangaa ni wangapi hawaifanyi.

Kwa Lee-Enfield, ambayo pengine ndiyo raifo kuukuu inayopigwa zaidi katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, tatizo la kawaida ni nafasi kati ya uso wa bolti na tako la ganda. Risasi ya .303 hushikiliwa na ukingo wa tako lake, na vipimo vya jeshi viliruhusu nafasi ya milimita 1.63 hadi 1.88. Ikizidi, ganda linavutwa kwa urefu kila risasi inapolipuka. Chemba nazo zilichongwa pana ili zipokee risasi zenye tope la mahandaki, kwa hiyo ganda linatanuka pia. Dalili ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda, karibu sentimita moja juu ya ukingo. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha, uupitishe ndani ya ganda tupu. Ukikwama kwenye kijifereji mahali hapo, ganda limeanza kukatika na halifai kujazwa tena. Kwenye toleo lake la No. 4 kichwa cha bolti kinaweza kubadilishwa. Vilitengenezwa kwa ukubwa wa 0 hadi 3. Namba iliyoandikwa isikufanye uache kupima, maana vipimo vya viwanda vya vita vilipishana. Kipimo cha chuma kinaingizwa bolti ikiwa imevuliwa springi, na inafungwa kwa kidole tu. Anayekandamiza mpini kwa nguvu atapata jibu analolitaka.

Bunduki ambayo haijulikani ilipigwa lini mara ya mwisho haipigwi kutoka begani. Inafungwa kwenye stendi nzito, inavutwa kwa kamba kutoka nyuma ya kinga, na ganda la kwanza linachunguzwa kabla ya risasi ya pili. Ikigonga isilipuke, mdomo wa mtutu unabaki umeelekezwa kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30, na kwa gobore dakika nzima au zaidi, kwa sababu baruti iliyozeeka huweza kuchelewa kushika moto. Na gobore halijazwi moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya baruti. Kipimo kinamiminwa kwanza kwenye kikombe kidogo, kwani cheche iliyosalia ndani ya mtutu ikikutana na chupa nzima, ajali ni ya chupa nzima. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii gobore hata kwa kiasi kidogo. Mitutu ya bunduki za marisau iliyosukwa kwa feleji na chuma nayo isiaminiwe eti kwa sababu inapendeza. Nyingi zilijaribiwa kwa baruti nyeusi pekee, na alama za nyumba za majaribio za London au Birmingham chini ya mtutu ndizo zinazosema.

Kuna jambo moja ambapo wapigaji wanaharibu kweli, nalo ni usafi. Risasi nyingi za ziada za Kisovieti, zile za makopo ya chuma ya risasi 440 kwa Mosin, zina fataki, yaani kiwashio cha baruti, yenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka inaacha chumvi, na chumvi inavuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, na kutu inaendelea chini yake. Wengine wanaapa kwa dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Kinachofanya kazi humo ni maji. Toa bolti, mimina maji ya moto kama nusu lita kutoka upande wa chemba kwa faneli, ufute, ukaushe kabisa, kisha ndipo upake mafuta. Uso wa bolti na pini vinasahauliwa sana, navyo vinaoshwa hivyo hivyo. Angalia tena kesho yake. Garand haisafishiki kutoka nyuma, kwa hiyo fimbo inapitia mdomoni, na bila kiongozi cha kuizuia isisugue, mdomo wa mtutu unaliwa na ulengaji unaharibika. Mitutu mingi inayolaumiwa kwa kupigwa kupita kiasi iliuawa na fimbo.

Kambi ya kabati isicheke mapema. Bastola iliyolala miaka ishirini ndani ya ala yake ya ngozi, "kama askari alivyoiacha", mara nyingi inatoka na madoa ya kutu yenye umbo la ala hiyo, kwa sababu ngozi ina kemikali za kuitengenezea na inashika unyevu. Sponji za masanduku ya kusafiria hufanya vivyo hivyo. Hewa ya kabatini inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ikishuka sana mbao zinasinyaa na kupasuka. Ikipanda sana chuma kinaota kutu, na hasa pale pasipoonekana, chini ya mstari ambapo mbao hukutana na mtutu. Raifo iliyopakwa mafuta isimamishwe mdomo chini, la sivyo mafuta yanateremka kwenye mbao za kitako na kuzilainisha. Nta nyembamba ni bora kuliko mafuta kwa kitu kisichoguswa. Kosa baya kuliko yote halifanywi na wapigaji: mwenye kabati anayeng'arisha chuma na kupiga mbao vanishi mpya anafuta kwa mchana mmoja alama ambazo risasi elfu zisingezifuta.

Bunduki mpya zilizotengenezwa kwa mfano wa zamani zinaondoa sehemu kubwa ya ugomvi. Pedersoli na Uberti wa Italia wanatengeneza nakala kwa chuma cha leo na kuzipitisha kwenye majaribio ya leo. Anayetaka moshi, harufu na uzito wa bunduki ya karne ya 19 atavipata hapo bila kuhatarisha kitu cha asili. Haziwezi kujibu kila swali, na kwa Mauser 71 huwezi kwenda dukani ukachagua nakala. Hata hivyo kwa bunduki adimu yenye namba zinazolingana naona hoja ya kuipiga imebaki dhaifu sana, na kwa Mosin au No. 4 ya kawaida iliyopimwa naona hoja ya kuifungia ni dhaifu vile vile.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mahali ambapo uhodari wa wapigaji unawagharimu wasiopiga. Msamaha wa Uingereza kwa bunduki za kale za ganda la shaba umejengwa juu ya wazo kwamba risasi zake haziuzwi tena. Wapenzi wa kupiga, kwa haki kabisa na kwa vyeti, wamejifunza kukata na kuunda maganda ya karibu kila risasi iliyokufa. Ujuzi huo ukawafikia pia wasio na vyeti. Kanuni mpya zilipoanza Machi 2021, aina 7 za risasi, zikiwamo .320 ya bastola na .44 Russian, ziliondolewa kwenye orodha ya zisizotumika, na bastola zilizokuwa pambo halali la sebuleni zikawa silaha zinazohitaji kibali. Walioathirika wengi hawakuwahi kuzitia risasi.